Mbaya kwa nani? Herufi moja na kompyuta inayokisia



Kuna namba imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa: milioni 71. Hiyo ndiyo hesabu ya mabadiliko yote ya herufi moja ya DNA yanayoweza kubadilisha protini za mwanadamu. Mwezi Septemba 2023 watafiti wa Google DeepMind walitangaza kwenye jarida la Science kwamba wameyapitisha yote kwenye kompyuta na kuyapa alama, moja baada ya jingine. Programu yenyewe wameiita AlphaMissense. Asilimia 57 ikasema huenda hayana neno. Asilimia 32 ikasema huenda yana madhara. Yaliyobaki ikasema haina uhakika, na hilo nililipenda, maana si kila mjuzi hukubali kusema hivyo.

Mimi si mtu wa sayansi. Nimetoka HKL, baiolojia niliiaga kidato cha nne na wala sikutoa chozi. Lakini gazetini ukishaandika habari mbili tatu za kompyuta, basi kila chenye waya kinaletwa mezani kwako. Hii nayo ikaniangukia. Nikasoma, nikauliza watu, nikasoma tena. Na kadiri nilivyosoma ndivyo neno moja lilivyozidi kunikwaruza: "madhara". Madhara kwa nani?

Ngoja kwanza nieleze kitu chenyewe, si haki kulalamikia kitu ambacho hujakieleza.

Protini ni kama uzi wa shanga. Shanga zake zinaitwa amino asidi na ziko za aina 20. Uzi ukishatungwa haukai umenyooka. Unajikunja wenyewe mpaka unapata umbo, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ina nyuzi nne: mbili za alfa zenye shanga 141 kila mmoja, na mbili za beta zenye shanga 146 kila mmoja. Shanga ipi ifuate ipi imeandikwa kwenye DNA. Herufi moja ya DNA ikibadilika, shanga moja inaweza kubadilika. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Mtu wa kawaida anatembea na mabadiliko ya aina hii zaidi ya 9,000, anakula ugali wake na kulala usingizi.

Tatizo ni pale mtu anapougua na madaktari wakasoma DNA yake. Wanaona herufi iliyobadilika. Je, ndiyo iliyomwangusha, au ni mpita njia tu? Wakati AlphaMissense inatangazwa, mabadiliko zaidi ya milioni 4 ya namna hii yalikuwa yameshaonekana kwa watu, lakini ni kama asilimia 2 tu yaliyokuwa yameamuliwa na wataalamu kuwa ni mabaya au si mabaya. Mengine yote majibu yake yanarudi na maneno yale yale: maana yake haijulikani. Hebu fikiria umeuza ng'ombe kumpeleka mtoto kwenye vipimo, unarudi na karatasi yenye maneno hayo.

Sasa, kompyuta inakisiaje? Wazo la mwanzo ni rahisi kuliko nilivyotegemea. Mwaka 2001 Pauline Ng na Steven Henikoff wa Seattle walitoa programu inayoitwa SIFT. Inachukua protini ya mtu na kuipanga sambamba na protini ya aina hiyo hiyo ya viumbe wengine, mathalani kuku, ng'ombe, samaki. Ukikuta mahali fulani shanga ni ile ile kwa wote, kwa mamia ya mamilioni ya miaka, ujue haikuwekwa pale kwa urembo. Ukiigusa, kuna kitu kitaharibika. Mahali pengine shanga zinabadilika ovyo kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, hapo hakuna wa kujali.

Waliofuata wakaongeza ujuzi juu ya wazo hilo. Mwaka 2021 zikatoka mbili kubwa: EVE ya watu wa Harvard na Oxford, na ESM-1v ya kampuni ya Facebook. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifungua macho, kwa sababu inafanya kazi kama sisi na lugha. Mtu aliyesoma Kiswahili kingi, hata kama hajawahi kushika kitabu cha sarufi, ukimwonyesha "mtoto amekula" atatulia, ukimwonyesha "mtoto amekuxa" atashtuka. Hajui kanuni, anajua tu kwamba hicho hajakiona. Kompyuta nayo imesomeshwa mamilioni ya protini za viumbe, ikazoea. Ukiipa protini yenye shanga moja iliyobadilishwa, inakupa kiasi cha mshtuko wake.

AlphaMissense ni mjukuu wa haya yote. Imejengwa juu ya AlphaFold, programu ya kukisia maumbo ya protini ambayo mwaka 2024 iliwapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia, pamoja na David Baker. Halafu wakaifunza jambo la ziada. Mabadiliko yanayoonekana mara kwa mara kwa watu na kwa jamii ya nyani wakayahesabu kuwa hayana neno, kwa hoja kwamba yangekuwa mabaya yasingeenea. Yale ambayo hayajaonekana kwa mtu yeyote wakayatia kwenye kundi la watuhumiwa. Hukumu za madaktari hawakuifunza nazo, makusudi, ili isirithi makosa yao.

Na inajitahidi, tusiinyime haki yake. Mwaka 2018 maabara moja ya Seattle ilitengeneza karibu mabadiliko 4,000 ya jeni ya BRCA1, ile inayohusishwa na saratani ya matiti na ya ovari, wakayaingiza kwenye chembe hai na kutazama zipi zinakufa. Matokeo ya aina hiyo ndiyo mtihani ambao programu hizi hupewa, na kila kizazi kinapata alama bora kuliko kilichotangulia. Ukiniuliza kama nataka daktari awe nayo mezani, nitakwambia ndiyo, bila kusita.

Lakini tunarudi kwenye "madhara".

Rudi kwenye mfano wangu wa lugha. "Mtoto amekula." Badilisha herufi moja tu, weka f mahali pa l. "Mtoto amekufa." Sarufi safi kabisa! Mwalimu wa Kiswahili hana pa kuweka alama nyekundu. Msomaji aliyezoea lugha hashtuki kwa sababu sentensi hiyo ameiona mara nyingi. Msiba uko nje ya sarufi.

Hivyo ndivyo ilivyo sikoseli.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu inatembea tofauti na ya kawaida ikiwekwa kwenye umeme, wakauita ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye, 1956 na 1957, Vernon Ingram kule Cambridge akapata tofauti yenyewe ilipo. Ni shanga moja. Ya sita kwenye uzi wa beta. Badala ya asidi ya glutamiki ipo valini. Kwenye DNA ni herufi A iliyogeuka T, basi.

Na hapa ndipo panaponishangaza mpaka leo. Protini yenye valini haijavunjika. Inajikunja vizuri, inabeba oksijeni, inaishusha inapotakiwa. Ukiitazama ikiwa peke yake huoni kosa. Kosa linaonekana ikishashusha oksijeni na kukuta wenzake. Glutamiki inapenda maji, valini inayakimbia kama mafuta. Ile valini iliyokaa nje inatafuta pa kujificha, na kwenye protini ya jirani kuna kishimo kinachoitosha. Inaingia, inanasa. Ya pili inanasa ya tatu, zinakuwa kamba ndefu ngumu, na chembe nyekundu ya damu inapindika kama mundu. Kompyuta inayouliza "je, shanga hii imeharibu protini yake?" imeuliza swali la nyumbani wakati ugomvi uko mtaani.

Kuna zaidi. Mahali hapo hapo, shanga ya sita, Afrika Magharibi kuna badiliko jingine linaloitwa himoglobini C. Hapo glutamiki imegeuka lisini. Kwa upande wa chaji ya umeme hili ni badiliko kubwa zaidi, maana limetoka hasi likaenda chanya, wakati valini haina chaji yoyote. Ungedhani C ndiyo mbaya zaidi. Wapi! Mwenye C kutoka kwa baba na kwa mama anakuwa na upungufu wa damu wa kiasi tu, si ile mateso ya SS. Na paa wa Ulaya na Marekani chembe zao za damu zinapindika mundu pia, kwa valini iliyoingia kwenye shanga ya 22, na wanarukaruka porini kama kawaida yao. Wanyama wale hawajui kwamba wanaumwa.

Sasa niseme kwa nini nimeshupalia hili. Mimi ni AS. Nilipima nikiwa chuo, wakati mdogo wangu wa mwisho alipolazwa na wazazi wakaambiwa ni SS. Herufi ile ile ninayo mimi, anayo yeye. Mimi ninayo moja, yeye mbili. Mimi nilicheza mpira mpaka chuo. Yeye akipigwa na baridi ya Julai kule kwetu nyanda za juu mama anaanza kuhesabu pesa za hospitali. Kwenye jedwali la alama, badiliko letu lina namba moja tu. Moja kwa wote wawili. Kompyuta haikuulizwa unazo ngapi.

Wala haikuulizwa umekulia wapi. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka kule na msafara wa Oxford akipima damu. Akaona kitu cha ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye himoglobini ya mundu walikuwa wengi, kwenye baadhi ya makabila mtu mmoja kati ya watano au zaidi, na huko juu milimani karibu hawapo. Pwani na ziwani kuna malaria, milimani hakuna. Akapata shaka. Baadaye akachukua wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wa AS na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria (leo kamati ya maadili ingemfukuza mlangoni). Kati ya wale wasio nayo, 14 walionekana na vimelea. Kati ya AS, wawili tu. Akachapisha mwaka 1954.

Kwa hiyo herufi yangu, hapa bondeni penye mbu, ilimlinda babu wa babu yangu akaishi kunizaa... au tuseme kuwazaa walionizaa. Kule Norway ingekuwa ni mzigo tu bila faida. Herufi ni ile ile, protini ni ile ile, umbo ni lile lile. Kilichobadilika ni mbu.

Nilipomweleza hivi mhariri wangu alinitazama kwa muda. Yeye alitaka kichwa cha habari kiseme "Kompyuta yabaini jeni mbaya milioni 22". Nikamwambia, bosi, hiyo "mbaya" inahitaji sentensi tatu za kuisindikiza. Tukakubaliana kuweka "zinazoshukiwa". Ni ushindi mdogo lakini ni wangu.

Kushukiwa kuna gharama yake, na hiyo si nadharia. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard waliandika kwenye New England Journal of Medicine kuhusu ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa, ule unaoua wanamichezo ghafla uwanjani. Walikuta Wamarekani weusi walioambiwa kwamba wana mabadiliko ya jeni yanayosababisha ugonjwa huo, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida kwa watu weusi na hayana neno. Waliyahukumu kwa sababu watu wa kulinganisha nao, wale wenye afya, karibu wote walikuwa weupe. Kitu kisichoonekana kwa wazungu kikahesabiwa kuwa hakionekani kwa binadamu. Wazia umeambiwa moyo wako una kosa, umeacha mpira, umeanza kuwaogopea wanao, na kosa halikuwepo.

Ndiyo maana niliposoma kwamba AlphaMissense inafunzwa kuyatilia shaka mabadiliko ambayo hayajaonekana, nikasimama. Hayajaonekana na nani? DNA nyingi zilizosomwa duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya, na Afrika ndiyo yenye aina nyingi zaidi za mabadiliko kuliko bara lolote, kwa sababu hapa ndipo binadamu amekaa muda mrefu zaidi. Watetezi wake wana jibu zuri: sehemu kubwa ya ujuzi wake imetoka kwa protini za viumbe wote, na samaki hana kabila. Nakubali. Ndiyo hata inaweza kutusaidia sisi ambao hatuna madaftari ya wagonjwa waliopimwa. Lakini nusu nyingine ya somo imetoka kwa watu, na watu wana makwao.

Madaktari wenyewe wanajua hili, tuwape heshima yao. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015 wa kuamua badiliko lipi ni baya uliweka ukisiaji wa kompyuta kwenye ngazi ya chini ya ushahidi. Unaunga mkono, hauhukumu peke yake. Wasiwasi wangu si kwa madaktari hao. Ni kwa siku ambapo alama hizo zitafika kwenye kliniki isiyo na mtaalamu wa jeni hata mmoja, na namba iliyoandikwa na kompyuta ikapokelewa kama imeshuka kutoka mbinguni.

Mdogo wangu sasa ana miaka 17 na ana akili kuliko mimi. Alisoma rasimu yangu akaniuliza, "Kaka, sasa hiyo mashine inaweza kuniambia nitaumwa mara ngapi mwaka huu?"

Haiwezi. Wote wenye SS wana herufi ile ile, kwa hiyo alama ile ile, lakini mmoja analazwa kila mwezi na mwingine anamaliza mwaka bila kulazwa. Sehemu ya tofauti hiyo ni himoglobini ya kichanga, ile tunayokuwa nayo tumboni na ambayo kwa kawaida huzimwa baada ya kuzaliwa. Baadhi ya watu haizimwi sawasawa, na inazuia zile kamba zisijisokote. Mashariki mwa Saudi Arabia na India kuna wagonjwa wengi wenye himoglobini hiyo kwa wingi, na ugonjwa wao mara nyingi ni mwepesi zaidi. Dawa ya haidroksiyurea anayomeza mdogo wangu inafanya kazi kwa kuiamsha. Na tiba mpya ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, nayo haigusi ile shanga ya sita kabisa. Inaharibu swichi inayozima himoglobini ya kichanga. Swichi hiyo haiko ndani ya protini yoyote, iko kwenye DNA ya pembeni, ambako AlphaMissense haitazami. (DeepMind walitoa AlphaGenome mwaka 2025 kwa ajili ya maeneo hayo ya pembeni. Nitaisoma, msinikimbize.) Bei ya Casgevy Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa.

Tanzania hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli kila mwaka. Hakuna hata mmoja wao anayehitaji kompyuta ikisie kama herufi yake ni mbaya. Hilo lilijulikana kabla baba yangu hajaanza shule. Anachohitaji ni kupimwa akiwa bado mchanga na kupata dawa.

Na mimi nina kipimo changu. Tumepanga harusi mwakani, na mchumba wangu kwao ni ziwani, nchi ile ile ya Allison. Akiwa naye ni AS, kila mtoto atakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuwa kama mdogo wangu. Nilimwambia mwenyewe, tukiwa tumekaa nje kwao, baada ya mama yake kuingia ndani. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kipimo kinafanywaje. Nikamweleza: wanachukua damu kidogo, wanaiweka kwenye umeme, wanatazama himoglobini inatembea mpaka wapi. Yenye valini inakwenda tofauti kwa sababu imepoteza ile chaji hasi. Kanuni ile ile ya Pauling ya mwaka 1949.

Tunakwenda Jumatatu asubuhi, kabla sijaingia kazini.